Kompyuta ya Michezo Isiyomwamsha Bibi



Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea sote, lakini nyumbani kwetu hapa Mwanza ilitufikia kwa njia ambayo hatukuitazamia. Mama yangu mzazi alikuja kutoka Magu kutibiwa miguu, na kwa kuwa nyumba yetu ya Pasiansi ina vyumba viwili na sebule, tulimtandikia kitanda sebuleni, upande wa dirisha, apate upepo wa ziwani. Katika sebule hiyo hiyo, hatua nne tu kutoka kichwani pake, palikuwa na kompyuta ya kijana wetu.

Kijana huyo alikuwa amemaliza kidato cha sita akingoja matokeo. Fedha za kompyuta alizichuma kwa kuwafundisha hisabati watoto wa jirani, nasi wazazi tukamwongezea kidogo, kwa sababu moja ambayo wazazi wengi watatuelewa: tulitaka acheze nyumbani. Vibanda vya michezo ya video viko tele mitaani. Si vibaya vyote, lakini mzazi hajui ndani yake mna nani, wala mlango wake hufungwa saa ngapi. Tukasema ni heri makelele ya mpira wa kwenye skrini sebuleni kuliko kutojua mtoto yuko wapi.

Basi makelele tukayapata. Kompyuta ile ilikuwa ya mtumba, iliyokwisha kutumika ofisini huko ng'ambo, na muuzaji alikuwa ameitia kadi ya grafiki kuukuu yenye joto kali. Ikiwashwa tu ilivuma. Mchezo ukianza ilinguruma kama mashine ya kusaga. Usiku wa tatu mama aliniita akaniuliza, "Mwanangu, hiki kitu chenu hakichoki kupumua?" Mjukuu wake alisikia. Ni mtoto mwenye adabu, aliizima papo hapo akasema, "Nisamehe, bibi." Siku iliyofuata hakuiwasha kabisa. Na usiku wa siku ya pili yake, saa tano, kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa kibandani.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kelele ya kompyuta si jambo la anasa la watu wenye nafasi. Katika nyumba ya watu wengi na vyumba vichache, chombo chenye makelele humfukuza mmoja wa wawili: ama anayetaka kulala, ama anayetaka kucheza. Kwa hiyo leo napenda tuzungumze, ndugu msomaji, jinsi ya kuchagua vipande na vifaa vya kompyuta ya michezo itakayokaa sebuleni bila kumwamsha mtu. Niliyoyajua nimeyapata kwa fundi, kwa kusoma, na kwa kukosea.

KELELE NI MTOTO WA JOTO

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kompyuta yenyewe haina sababu ya kupiga kelele. Kinachopiga kelele ni feni, na feni huzunguka kwa ajili ya kutoa joto. Umeme wote uingiao katika kompyuta mwisho wake hugeuka kuwa joto. Mashine itumiayo wati 300 hutoa joto la wati 300, yaani karibu theluthi moja ya pasi ya umeme ya wati 1,000. Joto hilo lazima lichukuliwe na hewa, na hewa lazima isukumwe. Ukitaka kelele ipungue, basi, usianze kutafuta feni ya ajabu. Anza kwa kupunguza joto.

Jambo la pili ni tabia ya feni yenyewe. Feni kubwa iendayo polepole husukuma hewa nyingi kwa utulivu. Feni ndogo iendayo mbio husukuma hewa ile ile kwa kupiga mayowe. Feni ya milimita 120 ina eneo lizidilo mara mbili eneo la feni ya milimita 80. Tena, ukiipunguza feni mwendo hadi nusu, hewa yake hupungua hadi nusu, lakini kelele yake hushuka kwa kiasi cha desibeli 15. Sikio la binadamu huona tofauti ya desibeli 10 kuwa ni kama kelele iliyopungua nusu. Na ukiweka feni mbili zilizo sawa badala ya moja, kelele huongezeka kwa desibeli 3 tu. Fanya hesabu: feni mbili ziendazo nusu ya mwendo hutoa hewa sawa na feni moja iendayo kasi, lakini zina upungufu wa kelele wa desibeli zipatazo 12. Ndiyo maana watengenezaji hodari wa kompyuta za kimya huweka feni nyingi kubwa, kisha huziamuru ziende taratibu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba katika chumba cha kulala kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30. Hicho ni kipimo cha mnong'ono. Na mama yangu alikuwa amelala hatua nne kutoka kwenye ngurumo.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna jambo letu la ziada. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika kumi, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Alhamdulillahi, hali ya hewa yetu si ya joto kali kama ya pwani, kwa hiyo hatuonewi. Lakini asikudanganye mtu kwamba feni moja iliyotosha mahali pengine haina budi kutosha na hapa.

TUJUE KWANZA TUNACHOKITAKA

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, baada ya fedha nyingi kutumika na faida iliyotazamiwa kutoonekana. Marufuku hayo yameondoka zamani, na leo hata mwanafunzi hununua kompyuta. Lakini fundisho limebaki, nalo lafaa hata sebuleni: usinunue mtambo kabla ya kujua kazi yake.

Kwa hiyo muulize kijana wako, na kama kijana ni wewe jiulize: ni michezo gani itakayochezwa? Mtu achezaye eFootball na Minecraft hahitaji mashine ya yule achezaye michezo mipya mizito yenye mapori na miji mizima. Tena uliza: skrini ni ya namna gani? Skrini nyingi za kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ya grafiki ikichora picha 200 kwa sekunde, zile 140 za ziada hazionekani vizuri na mtu yeyote, lakini joto lake lipo, na kelele yake ipo. Kijana wetu alikuwa hajui hilo. Tulipoweka kikomo cha picha 60 katika mipangilio ya mchezo, mngurumo ulishuka palepale, bila kutoa hata senti moja. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, nayo ni ya bure. Ijaribu leo kabla ya kwenda dukani.

VIPANDE VIWILI VYENYE MOTO

Joto kubwa la kompyuta ya michezo hutoka mahali pawili: kwenye prosesa, ambayo ndiyo ubongo, na kwenye kadi ya grafiki, ambayo ndiyo mchoraji. Unapochagua, usitazame kasi peke yake. Tazama na wati.

Kwa prosesa, zile zilizotajwa kuwa za wati 65 zafaa sana nyumbani. AMD Ryzen 5 5600 iliyotoka mwaka 2022 ni mojawapo, na Intel Core i5-12400 ya mwaka huo huo ni nyingine. Kwa wenye fedha chache na michezo mepesi, Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina mchoraji wake ndani, hivyo hapahitajiki kadi ya pili wala feni zake. Jihadhari na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina; hizo hazina mchoraji wa ndani, na bila kadi hutaona kitu kwenye skrini.

Kwa kadi za grafiki tofauti ni kubwa mno. GTX 1650 ya mwaka 2019 hutumia wati 75. RTX 3050 yenye kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, hutumia wati 70. RTX 4060 ya mwaka 2023 hutumia wati 115, na Radeon RX 6600 ya mwaka 2021 hutumia wati 132. Halafu iko RTX 4090, yenye wati 450, ambayo yataka nyumba yake peke yake. Wengi wetu twatosheka na hizo za kwanza. Chagua yenye feni mbili na kipozeo kinene, na uliza kama feni zake husimama kabisa kadi inapokuwa imepoa. Nyingi za kisasa hufanya hivyo, na kijana anapoandika barua au kusoma, chumba huwa kimya.

Liko pia fumbo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Kadi nyingi zaweza kuamriwa kwa programu zipunguze nguvu hadi asilimia 75 au 80 ya kiwango chake, na kwa kufanya hivyo hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi. Ni sawa na dereva wa basi ambaye akipunguza mwendo kidogo huokoa mafuta mengi na kufika karibu saa ile ile.

Yakumbuke na matumizi ya umeme. Mashine ya wati 250 ikichezwa saa 4 kila usiku hula uniti 1 ya LUKU kwa siku, yaani uniti 30 kwa mwezi. Mashine ya wati 150 hula uniti 18. Kompyuta yenye kimya ni kompyuta yenye akiba.

KIPOZEO, KASHA NA FENI

Juu ya prosesa hukaa kipozeo, yaani bonge la mapezi ya alumini na mirija ya shaba lenye feni. Kile kidogo kitolewacho bure pamoja na prosesa hufanya kazi, lakini kazi ikizidi hulia. Ukipata nafasi, nunua kipozeo kirefu chenye feni ya milimita 120. Pima kwanza urefu wake na upana wa kasha, maana wengi wamerudi nyumbani na kipozeo kizuri ambacho mlango wa kasha haufungiki juu yake. Na kama mashine itasafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, kipozeo kizito pamoja na kadi ya grafiki vifunguliwe na kufungwa mbali. Safari yenye matuta huvivunja vishikizo.

Kasha zuri si lile lenye taa nyingi na kioo mbele. Kioo huziba hewa, na feni zikikosa hewa hukimbia. Tafuta kasha lenye wavu mbele, nafasi ya feni mbili za milimita 120 au 140 za kuingiza hewa, na moja nyuma ya kuitoa. Kampuni kama Noctua ya Austria na be quiet! ya Ujerumani zimejipatia sifa kwa feni za kimya, lakini bei zake ni za juu. Arctic hutengeneza feni za bei nafuu zinazotosha sana. Hakikisha waya wa feni una tundu nne, si tatu, ili mazabodi iweze kuiamuru iende polepole au haraka kwa wepesi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mazabodi, uiambie feni isishtuke kwa kila joto dogo. Kelele ya kupanda na kushuka humwamsha mtu kuliko mvumo mwembamba usiobadilika.

PAWA SAPLAI: USIFANYE UBAHILI HAPA

Pawa saplai ni kile kisanduku kipokeacho umeme wa volti 230 wa ukutani na kuugawa kwa vipande vyote. Wengi huinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Ni kosa. Kisanduku dhaifu hupoteza umeme kwa joto, feni yake hulia, na siku kikifa chaweza kufa pamoja na mali yote iliyounganishwa nacho. Tafuta chenye alama ya 80 PLUS, mpango wa kupima ubora ulioanza mwaka 2004. Cha daraja la dhahabu hupoteza takriban sehemu moja tu katika kumi ya umeme. Kwa kadi nilizozitaja mwanzoni, wati 450 hadi 550 zatosha. Kikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake, feni yake haina sababu ya kukimbia.

Hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa la mashine yetu. Fundi alipoifungua alinionyesha kwamba kadi ile kuukuu ilikuwa ikila karibu nguvu yote iliyoweza kutolewa na pawa saplai ndogo ya ofisini. Feni zote zilikuwa zikikimbia kama watu wanaofukuzwa, na lau tungeendelea, tungeona moshi. Jambo moja la kukukataza, ndugu msomaji: usiifungue pawa saplai yenyewe hata kama imechomolewa ukutani. Ndani yake hubaki umeme uwezao kumwumiza mtu vibaya.

Kuhusu diski, hapana maneno mengi. Hadi diski ya zamani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na hugonga kama mtu ahesabuye shanga juu ya meza. SSD haina kitu kinachozunguka. Iweke SSD, na hiyo ya zamani uitumie kwa kuhifadhi picha za familia, ikiwa imechomolewa.

VIFAA VYA PEMBENI

Watu wengi hutuliza kompyuta kisha wakanunua kibodi inayolia tik-tak usiku kucha. Kibodi za michezo zenye vitufe vya buluu hutengenezwa makusudi zitoe mlio. Omba zenye vitufe vyekundu, au zile za kawaida za mpira laini. Kipanya nacho kipo cha kimya, na bei yake si kubwa. Spika zizimwe baada ya chakula cha usiku, na mahali pake pachukuliwe na hedifoni zifunikazo sikio zima, ambazo hazivujishi sauti nje. Mkumbushe mchezaji kwamba avaapo hedifoni hujisahau na kupayuka; mashine yaweza kuwa kimya na mwenyewe akawaamsha wote.

UPS ni kinga muhimu pale umeme unapokatika au kupandapanda. Nunua inayorekebisha volti yenyewe, na ikiwezekana yenye wimbi la umeme lililo laini, kwa kuwa baadhi ya pawa saplai za kisasa huzimika zikipewa wimbi la kukatakata. Soma maelekezo yake ujue jinsi ya kunyamazisha kengele yake. Umeme ukikatika saa nane usiku, ile pii, pii, pii itakuwa mbaya kuliko feni zote.

Na radi? Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Wingu likitanda, chomoa waya ukutani; UPS haishindani na radi. Tena nyumba zetu nyingi za vilimani zimejengwa juu ya mawe, na mwamba haupitishi umeme ardhini kama udongo wenye unyevu upitishavyo. Mwombe fundi umeme aupime waya wa ardhi wa nyumba yako.

MAHALI PA KUIWEKA

Usiifungie kompyuta katika kabati la televisheni. Utakuwa umemziba pua. Usiiweke chini sakafuni, kwenye vumbi na miguu ya watoto. Iweke juu ya meza imara, nyuma yake paachwe nafasi ya shubiri moja. Meza ikitetema na kuvuma, kata vipande vinne vya mpira wa ndani wa baiskeli uviweke chini ya miguu ya kasha. Hilo halikutugharimu chochote, na mtetemo ulikwisha.

Halafu wako wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao kwa mbali huonekana juu ya maji kama moshi unaopanda. Wakija nyumbani usiku hufuata mwanga, na skrini ya kompyuta kwao ni kama karabai ya mvuvi wa dagaa. Feni huwavuta ndani, hunasa kwenye mapezi ya kipozeo, na hewa hukosa njia. Tandaza wavu mwembamba mbele ya matundu ya kuingizia hewa, uufunge ili uweze kuutoa na kuuosha. Baada ya kila wimbi la wadudu, izime mashine, ichomoe, ipeleke barazani, uipulize kwa brashi laini na pampu. Zishike feni kwa kidole zisizunguke unapozipuliza. Kila baada ya miaka michache fundi abadilishe ile dawa ya kijivu ipakwayo kati ya prosesa na kipozeo; ya kwetu ilikuwa imekauka kama tope la kiangazi.

TULICHOKIFANYA SISI

Hatukuwa na fedha za kununua mashine mpya, na pengine nawe huna. Basi tulikwenda kwa utaratibu. Kwanza tuliweka kile kikomo cha picha. Pili tuliitoa kadi kuukuu, na kijana akapata GTX 1650 iliyotumika, ya umbo fupi liingialo katika kasha la ofisini, isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Tatu, SSD. Nne, usafi, dawa mpya ya kipozeo, wavu na mipira. Pawa saplai ya zamani, iliyokuwa ikilia kwa kuzidiwa, sasa ikapata mzigo inaoumudu, nayo ikanyamaza. Kazi ilichukua miezi miwili kwa kuwa tulinunua kitu kimoja kimoja. Katika muda huo kijana alikwenda kibandani mara mbili tena, nasi hatukumgombeza. Tulimwuliza tu atarudi saa ngapi, na alirudi.

Lakini sitakuficha, ndugu msomaji, jambo moja ambalo halimo katika maelezo ya duka lolote. Kompyuta yenye kelele humwarifu mzazi kwamba mtoto bado yu macho. Kompyuta ya kimya haiarifu. Wiki ya kwanza baada ya ushindi wetu niliamka saa tisa usiku kunywa maji, nikaukuta mwanga wa buluu ukutani, bibi amelala fofofo, na mjukuu wake anacheza katikati ya usiku pasipo mlio wowote. Tulichokuwa tumekinunua kwa taabu kilikuwa kimegeuka pazia.

Asubuhi yake tulikaa watatu, baba, mama na kijana. Hatukumnyang'anya kitu. Tulipatana kwamba mashine itazimwa saa nne usiku siku za kazi na saa sita usiku wa kuamkia Jumapili, na kwamba mwenye kuuzima swichi ya ukutani ni yeye mwenyewe, si sisi. Kimya cha mashine ni kazi ya vipande; kimya cha nyumba ni kazi ya makubaliano. Ukinunua cha kwanza ukasahau cha pili, umetupa fedha.

Mama alikaa nasi hadi miguu ilipopata nafuu. Siku chache kabla ya kurudi Magu alimwita mjukuu wake amwonyeshe huo mpira unaochezwa bila kelele. Akaketi kando yake, shuka mabegani, akaitazama mechi nzima. Ilipokwisha alisema, "Kumbe tatizo halikuwa mpira." Kisha akauliza ile timu nyekundu itacheza tena lini.

Hadi Jumapili ijayo, ndugu msomaji, nakutakia usingizi mwema.